Pistoni Kubwa, Mlima Uleule

Kama ndio unaanza kunisoma leo, jua haya machache. Jina langu ni Wahome, mtu wa Kinoo. Kwa miaka tisa nilisambaza chakula cha mchana kwa skuta ya Mzee Navnit, kutoka jikoni kwa mkewe Kanchan kule Parklands hadi kwa wenye maduka wa katikati ya jiji la Nairobi. Juma lililopita nilisimulia vile gunia moja la chakula cha kuku lilivyotushinda kwenye mlima wa kutoka Kangemi, hata mke wangu Wanjira akashuka na kusukuma skuta kwa nyuma akiwa na nguo zake za kanisani.

Nilisimulia pia ahadi ya Mzee. Sikukuu yao ya Kihindu ya Dasera ikifika, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba mwaka huo wa 2006, skuta ingekuwa yangu, logbook, ile hati ya mwenye chombo, na kila kitu. Sharti lilikuwa moja. Injini isifunguliwe. Marehemu ndugu yake, Jayant, ndiye aliyeifunga kwa mikono yake mwenyewe, na Mzee hakutaka spana ya mtu mwingine iingie humo skuta ikiwa bado kwa jina lake.

"Ikikuwa yako, hata ufanye jiko, shauri yako," aliniambia. "Lakini mpaka Dasera, hapana gusa."

Zilibaki siku tisa. Mtu mwenye akili timamu angengoja siku tisa.

Mimi sikungoja, na sitaki mnihurumie kwa hilo.

Siku hizo tisa ndizo za mfungo wao wa Navratri. Wateja wetu wengi walikuwa wanafunga, kwa hiyo vyombo vya kupeleka mjini vilipungua na mchana wangu ukawa mtupu. Mchana mtupu haujawahi kunifaa tangu nikiwa shule.

"Magunia mawili kila wiki, Baba Njambi," Wanjira aliniambia asubuhi moja, akipanga mayai kwenye trei. "Kuku mia mbili hawali hewa. Skuta ikishindwa na gunia moja, hayo mawili yatafika aje?"

"Yatafika."

"Nani akisukuma?"

Wanjira alikuwa ameacha kibarua chake cha kushona sare za shule kwa sababu ya skuta ile. Mpango ulikuwa wake mwanzo mwisho: mayai yashuke Parklands asubuhi, chakula cha kuku kipande Kinoo jioni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha tu.

"Na usiiguse hiyo engine," akaongeza bila kuniangalia. "Nakujua. Ngoja iwe yako kwanza."

Nikamwambia sitaigusa. Wakati huo nilikuwa nimeshaongea na Mukonyo.

Mukonyo ni fundi wa pikipiki kule Grogan, mwembamba, mwenye maneno ya kutosha watu wanne. Alinishikia pistoni mpya mbele ya macho akaizungusha, ikang'aa.

"Nguvu ya engine ni nini? Ni moto," aliniambia. "Moto unakaa wapi? Kwa silinda. Silinda ikiwa kubwa, moto unakuwa mwingi. Hiyo ni hesabu ya class three, msee."

"Na ikiharibika?"

"Iharibike aje? Tunatanua milimita tatu peke yake. Wewe ukivaa shati kubwa kidogo, unaharibika?"

"Labda ningoje mpaka Jumatatu, iwe yangu."

"Ngoja, hakuna shida. Lakini pistoni ya hii size iko moja, Nairobi mzima. Kuna jamaa wa Kilimani anakuja kuichukua Friday."

Hapo ndipo aliponipata. Sijui kwa nini mtu wa Kilimani ambaye sijawahi kumwona alinitia wivu kiasi kile.

Silinda ilipelekwa kibanda cha pili, kwa Wambua mkereza chuma. Wambua aliipima, akaitazama, akatupima na sisi pia.

"Na mdomo je?" akauliza.

"Mdomo gani?" Mukonyo akasema.

"Kabureta. Mnampa tumbo kubwa lakini mdomo ni uleule. Atavuta hewa mingi, petroli kidogo. Atachemka."

"Wambua, wewe kazi yako ni kukata chuma. Hata baiskeli umewahi kuendesha?"

"Nakata, sawa. Lakini nikishakata, sirudishi."

Tukamcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kile kicheko bado kinaniuma.

Siku ya pili nilipanda Museum Hill kwa gia ya tatu. Mlima ule nilikuwa nikiupanda kwa gia ya pili, nimeinama mbele kama anayeisaidia skuta kwa kichwa. Sasa nilikaa wima. Nilipiga mluzi. Nilipita gari la serikali. Nilijiambia kwamba Mukonyo ni profesa aliyekosa tu chuo cha kumwajiri.

Nikapitia Westlands nikabeba gunia la kilo sabini, nikalifunga nyuma, nikashika njia ya nyumbani. Nilitaka Wanjira anione nikifika bila jasho.

Kushuka Kangemi, safi. Kuanza mlima, safi zaidi, gia ya tatu na nguvu bado ipo. Nikafika kati.

Hapo injini ikaanza kulia kama kijiko kinachogonga glasi. Tink, tink, tink. Nilidhani ni jiwe. Kabla sijamaliza kudhani, gurudumu la nyuma likakwama kabisa, skuta ikateleza kwa ubavu, nami nikajikuta mtaroni nikikumbatia gunia lililopasuka. Lori lililokuwa nyuma yangu lilipita pembeni likipiga honi mpaka Uthiru.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, chakula cha kuku kikiwa kimenijaa masikioni.

Baada ya robo saa, injini ikiwa imepoa, nikapiga kiki mara moja tu. Ikawaka. Ikanguruma vizuri kabisa, kana kwamba mimi ndiye mwenye wazimu.

"Umeanguka wapi?" Wanjira aliuliza aliponiona kiwiko.

"Kuna mafuta yamemwagika barabarani."

"Na gunia?"

"Lilipasuka."

"Skuta ilipanda lakini?"

"Ilipanda," nikasema, na kwa sehemu ya mlima ilikuwa kweli.

Jumamosi nilikuwa Grogan kabla Mukonyo hajafungua. Nilimwagia maneno yote niliyokuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kikikuyu. Akanisikiliza akinywa chai.

"Ni mpya," akasema. "Pistoni na silinda hazijazoeana. Endesha polepole mwezi mmoja, zitazoeana."

Nikainua macho nisije nikampiga, na ndipo nilipoona rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake. Pistoni sita, za saizi ileile, zimepangwa kama vikombe vya hoteli. Moja ilikuwa imekandamiza karatasi zisipeperuke.

"Si ulisema iko moja Nairobi mzima?"

"Zilikuja jana," Mukonyo akasema, na vumbi lililokuwa juu yao lilikuwa la mwaka jana.

Nikamwacha nikaenda kwa Wambua. Sikuwa na uso wa kwenda kwake, lakini nilienda.

"Naweza kuweka slivu, bomba jembamba la chuma, ndani, silinda irudi saizi yake ya zamani," aliniambia. "Siku tatu."

"Nina siku mbili. Na moja ni Jumapili."

"Basi tafuta jeti kubwa ya kabureta, petroli iingie zaidi. Lakini ya hii skuta ya zamani, utazunguka."

Nilizunguka. Nilizunguka Kirinyaga Road yote mpaka saa kumi, kila duka likinielekeza kwa duka lililokuwa limenielekeza kwake. Nikarudi kwa Wambua mikono mitupu.

"Sasa sikiza," akasema, na akanishika mkono wa kushoto akanikunja vidole. "Ikianza kulia, vuta klachi. Hiyo hiyo saa. Gurudumu litabaki huru, utasimama salama. Ukichelewa, linakwama. Ukiwa peke yako unaweza kuamka. Ukibeba mtu nyuma, yeye ndiye ataenda chini kwanza."

Nikamwambia sina mtu wa kubeba. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Jumatatu nipokee logbook, nisukume skuta mpaka kwa Wambua, slivu iingie, na Mzee asijue kamwe.

Jumatatu ikafika. Niliikuta skuta, niliyokuwa nimeirudisha Jumamosi jioni, imeegeshwa mbele ya nyumba yao, imeoshwa, imevishwa shada la maua ya rangi ya chungwa. Mama Kanchan alipaka doa jekundu juu ya taa ya mbele, akaweka ndimu chini ya gurudumu. Ndiyo desturi yao siku hiyo: mtu anaheshimu chombo kinachomlisha. Ndani ya sufuria kulikuwa na jalebi, zile peremende zao za kukunjwakunjwa, bado za moto.

Mzee Navnit alitoka na logbook mkononi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nywele zake chache zilikuwa zimechanwa kwa maji.

"Wahome, miaka tisa hujamwaga hata dengu moja," akasema. "Shika."

Niliishika. Nawaambia ukweli, niliishika kwa mikono yangu miwili, nikaona tayari Mzee ameshaweka sahihi yake kwenye fomu ya kuhamisha. Simu yangu ililia mara moja mfukoni ikakata. Alikuwa Wanjira, akibipu kutoka Kinoo, akitaka kujua.

"Wacha nisikie sauti yake mara ya mwisho," Mzee akasema.

Akapiga kiki. Ndimu ikapasuka chini ya gurudumu alipoisogeza. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akazima.

"Nani amefungua?"

"Nilibadilisha plagi tu, Mzee."

"Plagi haifanyi sauti nene."

Mama Kanchan aliweka sahani yake ya maua chini, akanitazama bila ukali wowote, na hilo lilinimaliza.

"Wahome," akasema, "hii ndiyo imekulisha. Mbele yake, leo, usiseme uongo."

Nikasema. Nilimtaja Mukonyo, nikataja pistoni, nikataja milimita tatu, nikataja kuku. Mzee alinyoosha mkono, nikamrudishia logbook. Akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kiganja chake, kama alivyofanya siku zote akikata kitambaa dukani kabla hajastaafu.

"Milimita hamsini na saba ikikuwa sitini," akanong'ona. "CC mia moja hamsini inakuwa mia moja sitini na sita." Akainua macho. "Kumi kwa mia, Wahome. Kumi kwa mia na kidogo. Maneno ya mimi na wewe umeuza kwa kumi kwa mia."

Sijawahi kutamani kutukanwa kama nilivyotamani asubuhi ile. Matusi yana mwisho. Nilisimama pale nikifikiria vile nitakavyopanda Kinoo kwa miguu, na vile Wanjira atakavyoniangalia, na kuku mia mbili nyuma yake wakidai chakula.

"Samahani, Mzee."

Alikuwa ameinama akiitazama injini, na alikaa vile muda mrefu mpaka nikadhani analia. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa sijakiona kwa miaka tisa.

"Jayant alitaka kutanua," akasema. "Miaka ishirini. Kila siku tukikula: tutanue, tutanue, itapanda kama simba. Mimi nasema hapana, moto utaongezeka, nguvu hapana. Tulibishana mpaka hospitali. Siku mbili kabla afe, bado ananiambia tutanue."

Mama Kanchan akacheka kidogo. "Chakula ilikuwa inapoa," akasema.

"Inapanda?" Mzee akaniuliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kusikia.

"Museum Hill inapanda kwa gia ya tatu, Mzee."

"Na Kangemi? Na mzigo?"

"Inapanda."

"Imewahi kushika? Kukwama?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo nilipopaswa kusema. Mama Kanchan alikuwa amenionya muda si mrefu uliopita. Skuta ilikuwa pale pale na doa lake jekundu. Lakini niliona kifungo cha ule mfuko wa shati, na nyuma yake umbo la logbook, na niliona mlango ambao ulikuwa umefungwa ukianza kufunguka tena kidogo.

"Haijawahi, Mzee."

"Basi twende," akasema. "Wewe endesha, mimi nyuma. Ikifika Kinoo bila kusimama, Jayant alikuwa sawa, na logbook nampa mke yako kwa mkono yangu. Ikisimama, mimi nilikuwa sawa, nauza chuma kwa kilo."

"Navnit, una miaka sabini na moja," Mama Kanchan akasema.

"Ndiyo. Nimengoja ya kutosha."

Akaingia ndani akatoka na kofia ya Jayant, ya ngozi, ambayo haikuwa na kazi yoyote ya kumkinga mtu. Mama Kanchan alinifungia sanduku la jalebi la Wanjira, akaliweka miguuni pangu mahali ninapoweka vyombo vya chakula.

"Endesha polepole," akaniambia.

"Polepole ndiyo nini?" Mzee akasema, akapanda nyuma yangu, akanishika mabega.

Mzee wangu si mwepesi. Mgongo wangu unajua magunia, na huyu alizidi gunia.

Tulipita Westlands. Niliomba kimoyomoyo msongamano wa magari utusimamishe injini ipate kupoa, lakini ilikuwa Jumatatu ya ajabu, barabara tupu kama ya Krismasi. Tukashuka Kangemi.

"Mzee, tusimame kidogo, ninunue maji."

"Hakuna kusimama."

"Koo imekauka."

"Utakunywa Kinoo."

Simu ikalia tena, ikakata. Wanjira alikuwa ameshafika barabarani, nilijua, amesimama mahali tunaposhukia mizigo, na kitambaa chake kipya kichwani.

Tukaanza mlima. Gia ya tatu, skuta ikavuta. Inavuta kweli, sitaki kuidanganyia. Kwa ile nusu ya kwanza, pistoni kubwa ni kitu kitamu. Unahisi mlima umelainishwa. Nyuma yangu Mzee alianza kucheka. Kwanza kwa chini, halafu kwa sauti.

"Jayant!" akaita, na si mimi aliyekuwa akisema naye. "Inapanda, Jayant! Wewe ulikuwa sawa!"

Tukapita mtaro wangu. Punje za chakula cha kuku bado zilikuwa pale, na njiwa wawili wakizila. Joto lilikuwa limeanza kunipanda kwenye mashavu ya miguu. Nilipunguza mafuta kidogo.

"Usipunguze," Mzee akasema sikioni mwangu.

Nikaongeza. Zilibaki mita mia mbili hivi kabla ya mlima kulala. Nyuma yangu, kwenye kioo, basi lilikuwa linatukaribia kwa kasi. Nikahisi mabega yangu yamekuwa mepesi ghafla, nikashangaa kwa nini, na nikasikia: Mzee alikuwa ameniachia. Alikuwa anapiga makofi kwa mikono yote miwili.

Tink.

Vidole vyangu vinne vilikuwa tayari juu ya klachi. Nikiivuta, tunasimama, na Wanjira hapati kitu. Nisipoivuta, huenda tukafika.

Tink, tink.

Sikuvuta.